Kinanda cha Kasisi na Keki ya Kisibiti

Jumamosi, 1 Oktoba 1983

Mvua. Hatukupanda mlimani kazini. Pengo kwenye ukuta wa mawe wa shamba la Peacock bado liko wazi, kondoo wake wanapita kama wana tiketi.

Ivy kaleta keki tena. Ni mke wa Norman, mwenzangu wa kujenga kuta. Kila Jumamosi tangu tumzike Nellie. Kasimama mlangoni na bati lake, maji yanamchuruzika kofiani. "Shemeji, najua bila keki yako ya kisibiti Jumamosi kwako si Jumamosi. Nellie aliniambia." Nikasema asante. Tamu sana, nikasema, wala sijaionja.

Kuku wamekula. Nao siku hizi wanaiendea polepole.

Sijawahi kuipenda. Zile mbegu! Zinakwama menoni, zina ladha ya dawa ya kikohozi. Nellie aliioka kila Jumamosi miaka thelathini na nne. Jumamosi ya kwanza ya ndoa nilisema tamu. Ningesema nini? Msichana kasimama na aproni mpya, uso mwekundu kwa joto la jiko. Ya pili nikasema tamu tena. Baada ya hapo nimeshachelewa.


Alhamisi, 6 Oktoba

Gari la vitabu vya kuazima limekuja, kama kila baada ya wiki mbili. Sijawahi kuingia ndani yake, hilo lilikuwa jambo la Nellie. Leo Beryl anayeliendesha kashuka mwenyewe, kaja mpaka getini. Kazunguka weee. Hali ya hewa. Kuku. Magoti yangu. Mwisho kasema. Kuna kitabu kimoja cha Nellie hakijarudi. Tangu Januari.

Nikamwuliza mbona hakusema mapema.

"Ningeanzaje, Bwana Metcalfe? Mtu kafiwa, mimi nije nidai kitabu?"

Miezi minane Nellie yuko ardhini. Miezi minane mama wa watu anapita na gari mlangoni kwangu na neno limemkwama kooni.

Nikakitafuta. Kipo kwenye kikapu chake cha sufu, chini ya soksi aliyokuwa ananifumia. Soksi moja. Ndani ya kitabu uzi wa kijani, sura ya tisa.

Nikarudi getini nikamwambia sijakiona.

Sijui kwa nini nimedanganya. Kiko hapa mezani.


Ijumaa, 7 Oktoba

Nakijua kitabu hiki. Si kwa kukisoma. Kwa kukisikia.

Niko uani naosha gambuti, namsikia jikoni anacheka peke yake. Si kicheko cha kawaida. Kile cha kushika meza. Naingia, namwuliza unacheka nini. Anafuta macho. "Haielezeki, Ewart. Mpaka nikusomee chote. Kaa." Na mimi kila mara: baadaye. Kuna kondoo anazaa. Kuna mpira kwenye redio. Baadaye.

Sasa baadaye imeisha.

Kwa hiyo nitakisoma. Mimi, niliyetoka shule nasoma na kidole. Nataka kujua alicheka nini. Hicho tu. Nisipocheka, basi nilikaa miaka thelathini na nne na mtu nisiyemjua.


Jumapili, 9 Oktoba

Kurasa nane kwa siku mbili. Bora kubeba mawe.

Ni hivi. Kuna kasisi wa kijijini, mpole. Shangazi yake kampa kinanda. Kinanda kibovu. Hewa ikiwa na unyevu kinalia chenyewe, sauti moja, kama ng'ombe aliyekwama. Kasisi hakitaki. Ila hawezi kumwambia shangazi. Basi anakipeleka kanisa la jirani, zawadi. Nao hawakitaki. Nao hawawezi kusema. Wanakirudisha wamekipaka rangi mpya, wanasema wamemtengenezea. Kasisi anasema asanteni sana, anawapa chai.

Hivyo hivyo. Kurasa mia mbili na sitini!

Kwa nini hakipasui kuni? Shoka moja, asubuhi moja, kitabu kimekwisha.

Sikucheka.


Jumanne, 11 Oktoba

Nimepekua mbele kuona kilichobaki. Ukurasa wa ishirini na tano una uchafu. Pembeni, kwa penseli. Vifungo vya shati, duara na matundu mawili ndani. Saba, vimepangwa kushuka chini. Kando ya kila kifungo kuna alama ya vema, ile ya mwalimu kwenye daftari. Mkia mrefu. Saba kwa saba.

Vifungo ni mkono wa Nellie. Alivichora hivyo hivyo kwenye mitungi ya jemu.

Vema si mkono wake. Nani?

Na kitabu cha watu! Mtu aliyenigombeza nikiweka kikombe juu ya gazeti.


Ijumaa, 14 Oktoba

Upepo mbaya. Ukuta pengoni umepanda mpaka kiunoni. Kidole gumba kimevimba. Sura ya tatu. Kinanda kimepakiwa kwenye mkokoteni wa maziwa, kinalia njia nzima, na muuza maziwa kavua kofia anadhani ni msiba.

Sikucheka. Kuna mahali mdomo ulisogea. Labda ni baridi.


Alhamisi, 20 Oktoba

Leo nimepanda ndani ya gari la vitabu. Mara ya kwanza. Joto. Harufu ya karatasi na makoti mabichi. Nikamwambia Beryl nimekipata. Hakuuliza kilikuwa wapi. Kagonga muhuri nikae nacho wiki mbili nyingine.

Nikamwonyesha uchafu. Nikaomba radhi kwa niaba ya marehemu.

Kacheka! Kavuta vitabu rafuni kimoja kimoja, kila kimoja ukurasa wa ishirini na tano. Nyota. Samaki. Kikombe. Herufi H imepigiwa mstari. Kila msomaji wa gari ana alama yake. Ukimaliza kitabu unaweka, ili mwakani ukikishika tena ujue umeshakisoma. Sheria hairuhusu. Gari zima wanafanya.

"Kwa vile vya mauaji inasaidia," kasema. "Nani anataka kumtafuta muuaji yule yule mara mbili? Ila hiki chako, Bwana Metcalfe, hao wawili wakiona alama yao ndipo wanakichukua tena. Nimekipeleka kushonwa jalada mara tatu. Vile vipya vya kwenye matangazo havichukuliwi hata na panya."

Nellie mara saba. Na vema ni ya nani?

"Hiyo siwezi kusema. Alama ni siri ya mtu." Kageukia dirishani, kaanza kupanga kadi zilizopangika.

Kwa hiyo kuna mtu. Kasoma kitabu kimoja na mke wangu, mmoja baada ya mwingine, mara saba. Kacheka anapocheka yeye. Mimi niko uani na gambuti.


Ijumaa, 21 Oktoba

Nimekibeba kitabu kazini, ndani ya mfuko wa mkate. Saa ya chai tumekaa nyuma ya ukuta, upepo unapita juu. Nikamfungulia Norman ukurasa. Nikamwuliza kama anamjua mwanamume yeyote hapa bondeni anayechora hivi.

Katazama, mdomo umejaa.

"Mwanamume? We bwana hu mzima. Hiyo vema humjui mwenyewe? Tazama mkia! Hiyo ya Mwalimu Fawcett."

"Nitajuaje?"

"Si ilikuwa kila ukurasa wa daftari?"

"Wa daftari lako."

Katafuna. "Kweli bwana," kasema. "Wewe hakukupa."

Hata moja. Miaka yote ile. Nilikuwa na miaka kumi, kanisimamisha mbele nisome. Nikasoma. Kasema, "Metcalfe anasoma kama mtu anayeshusha mawe kwenye mkokoteni." Darasa zima likaangua kicheko. Norman pia, nilimwona. Tangu siku hiyo nikimwona yule mwanamke upande huu wa barabara navuka. Miaka hamsini na mbili navuka barabara.

Nellie alijua. Nilimwambia jina hilo lisitajwe nyumbani kwangu. Halikutajwa. Na zile Jumanne zote alizokuwa anatoka? "Nakwenda kanisani, Ewart, kusugua vyombo vya shaba."

Shaba!


Jumapili, 23 Oktoba

Nimepita kaburini kwanza. Nikamwambia Nellie, umenidanganya. Kila Jumanne umenidanganya.

Halafu nikakumbuka keki. Nikavaa kofia.

Nikashuka mpaka daraja, mpaka geti la Mwalimu Fawcett. Nikashika komeo. Nikarudi nyumbani.


Jumanne, 25 Oktoba

Nimeingia.

Kagonga fimbo sakafuni. "Nani?"

"Metcalfe."

"Metcalfe yupi? Bonde limejaa."

"Yule wa mawe."

Saa ya ukutani inakwenda.

"Ingia, Ewart. Futa miguu."

Nina miaka sitini na mbili na nimefuta miguu.

Ana themanini na moja. Mdogo kama shomoro. Miwani anavaa, macho hayana kitu, yameondoka miaka miwili sasa. Zamani yeye na Nellie walikuwa wakipeana kitabu zamu kwa zamu. Macho yalipokwisha, Nellie ndiye alimsomea. Vema mbili za mwisho Nellie alimshikia mkono.

"Tulikuwa mara ya nane," kasema. "Sura ya tisa. Kakohoa, kasema kifua kinambana, tutaendelea Jumanne ijayo." Kapapasa fimbo yake. Halafu: "Alitaka kukwambia. Kila akiingia hapa, Mwalimu, leo namwambia Ewart. Akitoka, hapana, ataona vibaya."

Nikatoa kitabu. Kakisikia kinavyokaa mezani, kanyoosha mkono, kakipapasa jalada kama mtu anapapasa paka.

"Soma."

"Mwalimu, unajua ninavyosoma."

"Najua nilivyosema." Kakunja mikono. "Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na watoto arobaini na sita. Hiyo si sababu. Ilikuwa vibaya, na nilijua siku ile ile. Soma."

Nikasoma. Kurasa tatu. Neno. Neno. Neno. Kinanda kimetumbukia mtoni na jirani kajitosa na suti ya kanisani kukiokoa, na kasisi anamshukuru. Nikaona Mwalimu anatetemeka. Nikadhani kashikwa na kitu. Kumbe anacheka!

"Usibadilishe!" kasema. "Nellie alikuwa anacheka kabla sentensi haijaisha, anaiharibu. Wewe unasoma kama polisi anatoa ushahidi. Ndivyo kilivyoandikwa!"

Sijui kama ni sifa. Mimi sikucheka. Nimesema nitakuja Jumanne.


Jumanne, 1 Novemba

Sura ya kumi na moja. Za katikati nazisoma nyumbani usiku, Mwalimu anazijua kwa moyo. Nikamwuliza lile linalonikera. Mbona hakuna anayekipasua kuni?

"Ungekipasua wewe?"

"Asubuhi hiyo hiyo."

"Wewe mtu wa kusema ukweli."

"Ndiyo."

"Nellie alisema hivyo hivyo. Ewart hajui kuficha kitu." Kageuza uso dirishani ingawa haoni. Kasema baba yake alikisoma kitabu hiki kabla yeye hajazaliwa. Kaka yake alikwenda nacho vitani. Kaka hakurudi. Kitabu kilirudi, na tope ndani yake, na penseli pembeni: ha ha. Mara mbili. Pale kasisi anapoandika barua ya shukrani.

"Nimekuwa na muda wa kufikiri kwa nini hakichoshi," kasema. "Tafuta mtu mbaya humu, Ewart. Humpati. Hakuna hata mmoja. Wote wanaogopa kumuumiza mwenzao. Na kwa hofu hiyo wanateseka tangu mwanzo mpaka mwisho. Nani hajui hilo?"

Nikasema mimi silijui. Kasema soma.


Alhamisi, 3 Novemba

Muhuri. Beryl kauliza kama nimecheka. Nikasema bado. Katikisa kichwa polepole, kama daktari.


Jumamosi, 5 Novemba

Keki. Asante shemeji, tamu sana. Kuku mmoja kagoma kutoka bandani. Sisemi ni keki.

Ukuta pengoni umefika kifuani.


Jumanne, 8 Novemba

Naandika kabla sijavua koti.

Leo kulikuwa na chai. Na sahani. Na juu ya sahani, naijua hata kwa harufu. Mwalimu kasema Ivy kampitishia nusu bati. "Nilimwambia unakuja. Kasema basi mzee lazima apate keki yake."

Kipande kikubwa kama tofali. Nikakishika. Kitabu mkono mmoja, keki mkono mwingine. Nikafikiri: huyu haoni. Nikaitia mfukoni. Taratibu. Nikaendelea kusoma.

"Ewart."

"Naam."

"Sikusikii ukitafuna."

Nina miaka kumi tena! Nikafungua mdomo niseme tamu sana, Mwalimu. Sijui kulikoni. Likatoka jingine.

"Siipendi."

Sijawahi kulisema neno hilo kwa sauti. Hata kwa kuku.

"Hupendi nini?"

"Hiyo keki. Kisibiti."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa arobaini na nane, tulipooana."

Kaweka kikombe chini. Kikombe kimelia kwenye kisahani. Kashika mdomo kwa mikono miwili. Nikasema basi, nimemuudhi, bora nichukue kofia yangu.

"Ewart," kasema. "Nellie alikuwa hawezi kuivumilia."

"Nini?"

"Hapo hapo ulipokaa. Aliniambia, Mwalimu, ile keki inanitia kichefuchefu, Ijumaa nikiwaza nitaioka kesho nakosa raha. Mama mkwe aliniambia Ewart anaipenda. Na ndiyo kitu changu pekee anachokisifu. Nikiacha kuila mbele yake atajua siipendi, hataiomba tena."

"Sikuiomba hata siku moja!"

"Alikuwa anajikatia kipande chembamba."

"Nilidhani ananiachia mimi kikubwa!"

Hapo ndipo ilipoanza. Chini, tumboni. Nilijaribu kuizuia, nikakohoa. Namwona Nellie ng'ambo ya meza. Jumamosi, saa ya chai. Anatafuna, ananitazama. Mimi natafuna, namtazama. Ninasema tamu. Anasema nikuongeze? Ninasema kidogo tu. Analeta kikubwa! Miaka thelathini na nne! Keki elfu moja na mia saba, na nyumba nzima hakuna anayeitaka! Na Mama naye, mtu aliyeanzisha, nilimdanganya yeye kwanza, nina miaka saba, kwa sababu siku hiyo alikuwa analia.

Kinanda. Tulikuwa nacho mezani muda wote. Kinalia.

Nilicheka mpaka kiti kikalalamika. Mbavu sina. Mwalimu kacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye chai. Anasema "kidogo tu!" halafu anaanza upya. Bibi wa miaka themanini na moja anapiga meza kwa ngumi.

Halafu nikaona kwamba kicheko kimekwisha na uso bado umelowa. Kanyoosha kitambaa upande niliko. Upande wenyewe hasa.

Tukarudi kitabuni. Nikasoma kurasa tisa. Sikuwahi kusoma tisa. Kila mstari namjua mtu aliyecheka hapo, na naijua sababu.

Mfukoni bado kuna keki. Imekuwa unga.


Alhamisi, 10 Novemba

Norman kanikasirikia. Nilikuwa nimeinua jiwe la pembe, nikakumbuka kasisi anapokikuta kinanda kwenye maonyesho ya kijiji, kimepewa tuzo ya kwanza, na lazima apande jukwaani akipokee. Nikaanza kucheka. Nikaliweka jiwe chini.

"Umeliweka jiwe chini!" Norman anapiga kelele. "Ewart! Umeliweka chini!"

Kweli. Jiwe ukishaliokota huliweki chini. Unalitafutia mahali ukutani, hata likikuvunja mgongo. Ndivyo alivyotufundisha baba yake Norman. Miaka ishirini na sita ya kazi, leo mara ya kwanza.

"Unacheka nini?"

Nikamwambia. Kinanda. Tuzo. Jukwaa.

Kanikodolea macho. "Sasa hapo cha kuchekesha kiko wapi?"

"Haielezeki," nikasema. "Mpaka nikusomee chote."

Nikasikia nilichosema. Nikashika ukuta.

"Baadaye, bwana," kasema Norman. "Mvua hiyo inakuja."

Nikamkamata mkono wa koti. "Kaa chini, Norman."

"Una nini wewe?"

"Kaa. Sasa hivi."

Kakaa. Alinitazama usoni, kakaa. Nikamsomea sura ya kwanza nyuma ya ukuta, mvua inatudondokea, kitabu ndani ya koti. Nilipofika mwisho kavuta makamasi.

"Si angekipasua kuni?" kasema.

Habari ya keki sikumwambia. Angemwambia Ivy.


Jumanne, 15 Novemba

Tumemaliza. Mara ya nane. Mwisho wake siuandiki, naujua.

Nikafunga kitabu. Mwalimu kasema kuna penseli kwenye droo.

Nikauliza niweke kifungo cha Nellie?

"Alimaliza?"

"Hapana. Sura ya tisa."

"Basi aliyemaliza aweke yake."

Sina alama. Nilifikiri muda mrefu. Nikachora jiwe. Mraba tu, umepinda kidogo upande mmoja kama mawe ya huku. Chini ya kifungo cha saba.

Nikataka kumshikia mkono aweke vema yake. Kaukwepa mkono wangu. Kasema anapajua mahali. Kapapasa ukingo wa ukurasa, kashusha kidole, kahesabu kimoyomoyo, kaweka. Mkia mrefu.

Imeangukia katikati ya jiwe langu.

Sijui kama alikusudia. Sikuuliza. Nimekaa na kitabu hapa jikoni, nimeufungua ukurasa huo mara tatu. Sasa mara nne.


Alhamisi, 17 Novemba

Nimekirudisha. Beryl hakuuliza. Kafungua ukurasa wa ishirini na tano mbele yangu, kaangalia, kafunga.

"Watu wa siku hizi," kasema, "wanachafua vitabu." Kageuka apange kadi.

Nikamwambia anigongee tena muhuri. Norman yuko sura ya pili. Jana kanifuata mpaka getini kuuliza kama shangazi atakuja kukagua kinanda. Na Mwalimu anasema mara ya tisa tuanzie mwanzo, anataka kumsikia muuza maziwa kwa sauti yangu.


Jumamosi, 19 Novemba

Leo namwambia Ivy.

Nimeamka nimeamua. Nellie alisema leo namwambia, leo namwambia, mpaka siku zikaisha. Mimi sitafanya hivyo. Mimi mtu wa kusema ukweli.

Na jana Norman kanipa sababu nyingine bila kujua. Tunaweka mawe ya juu, ukuta umefungwa, kondoo wa Peacock wamesimama wanatutukana. Norman anasema Ijumaa kwake nyumbani hakukaliki. Ivy anafungua madirisha yote. Harufu ya kisibiti inampa maumivu ya kichwa tangu utoto. "Ila akikumbuka ulivyo peke yako, bwana, anaoka. Analia machozi kwa ile harufu na anaoka."

Nilikuwa na jiwe mkononi. Safari hii sikuliweka chini. Lakini ilikuwa karibu.

Saa nne sasa. Chai iko tayari, vikombe viwili. Maneno nimeyapanga. Shemeji, ingia ukae. Shemeji, kuna jambo dogo. Nimeyajaribu kwa kuku, wamenielewa vizuri sana.

Namwona. Anapanda njia, bati kaliweka ndani ya koti lisilowe. Yeye analowa. Kafunga geti. Anafuta miguu. Kainua uso kaniona dirishani, anatabasamu, analiinua bati nilione. Leo ni kubwa kuliko la wiki iliyopita!

Nacheka tayari. Penseli haishikiki. Nellie, ungeona —

Anagonga. Nimelishika neno. Siipendi. Nimeshaliokota, siwezi kuliweka chini.

Anagonga tena.